Zimebaki Mia Nne

Daktari aliniagiza nitembee. Hakuongeza mengi, isipokuwa kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwamba dakika hizo ningeweza kuzigawa nipendavyo. Mtu mwenye kiasi angeridhika. Mimi nilitoka pale nikiwa nimekwisha kujiapiza kutembea hatua 10,000 kila siku, kwa siku 66 mfululizo, bila kukosa hata moja.

Hesabu ya kwanza niliipenda kwa sababu ilitimia vizuri mdomoni, na nilichelewa sana kujua kwamba asili yake si hospitali bali ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, ambacho jina lake lenyewe, manpo-kei, lina maana ya kipima hatua elfu kumi. Ya pili niliitoa katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, waliowafuatilia watu 96 kwa wiki 12 ili kuona tendo jipya huchukua muda gani kugeuka mazoea. Wastani ulikuwa siku 66. Utafiti huohuo unaeleza kwamba wapo waliohitaji siku 18 na wapo waliokadiriwa kufika 254, na tena kwamba kukosa mara moja hakukuharibu jambo lolote la maana. Lakini sentensi hizo nilizipita kama mdaiwa anavyompita mdai wake njiani.

Siku 40 za mwanzo nilizimaliza kwa heshima. Niliyafunga matembezi kwenye jambo ambalo tayari nililizoea: nikishapiga mswaki asubuhi, navaa viatu na kutoka, kabla akili haijaamka na kuleta hoja zake. Saa ya mkononi ilihesabu, na usiku nilitia alama nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Nakiri kwamba kufikia wiki ya tano kalenda ile niliitazama kuliko nilivyomtazama mke wangu, naye alikwisha kulisema hilo.

Siku ya 41 mvua ilinyesha tangu alfajiri, vikao vikafuatana hadi jioni, na nikasahau. Nilikumbuka nikiwa kitandani, saa 5:32 usiku. Saa ilionyesha hatua 6,800. Zilibaki 3,200, na kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika ningehitaji dakika 32, ilhali usiku wa manane ulikuwa umebakiza dakika 28. Kutembea sebuleni hakukuwezekana, maana mama mkwe alikuwa ametutembelea na alikuwa amelala hukohuko. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba saa ya mkononi haioni miguu: kilichomo ndani yake ni kihisi kinachopima mitikisiko ya mkono, kisha kinakisia kwamba mwenye mkono anatembea.

Niliketi ukingoni mwa kitanda, gizani, nikaanza kuutikisa mkono wa kushoto kwa kasi ambayo miguu yangu haijawahi kuifikia. Kitanda kikatikisika nacho. Nilihema, jasho likanitoka, meno nikayauma, na macho sikuyaondoa kwenye saa. Hivyo ndivyo mke wangu alivyonikuta alipoamka saa 5:52.

Bahati mbaya, mke wangu alipata kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, na ni mtu anayezingatia aliyofundishwa. Hakunizuia, kwani anayepatwa na kifafa hazuiliwi. Alisogeza taa ya mezani isije ikaniumiza, akanivua miwani, na mara mkono ulipotulia kwa mshangao akanilaza ubavu. Kisha akanivua saa, maana kifafa lazima kipimwe muda, na kikizidi dakika tano msaada huitwa.

"Mia nne!" nililia, nikiunyooshea saa mkono. "Zimebaki mia nne!"

"Tulia, mume wangu. Mia nne nini?"

"Hatua!"

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, na neno hilo lilimwingia vibaya. Alimwona mkwewe amelazwa ubavu, jasho linamtiririka, anatangaza kwa kinywa chake kwamba amebakiza hatua mia nne tu afike. Alipiga magoti palepale akaanza kuniombea safari njema. Kadiri nilivyomweleza kwamba sijambo, ndivyo alivyozidisha sauti, kwa kuwa, kama alivyoniambia baadaye, wote husema hivyo.

Mke wangu naye alichukua simu kwa mkono mmoja, saa ikiwa kwenye mkono wa pili, akawa anazunguka kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, akimtafuta jirani yetu muuguzi ambaye hakupokea. Alizunguka kwa hofu ya kweli, na hofu, nimegundua, hutembea haraka. Saa 5:58 ile saa ilitetemeka kiganjani mwake, ikalia mlio wa shangwe na kuonyesha fataki za rangi na neno la pongezi. Sala ilikatika. Mke wangu aliisoma saa, akanitazama, akaisoma tena.

Asubuhi nilikuta kisanduku cha siku ya 41 kimejazwa, ila kwa wino wa buluu na kwa mwandiko wa mke wangu, pamoja na sahihi yake. Mama mkwe alikaa nasi wiki mbili zaidi, na kila nilipomaliza kupiga mswaki nilimkuta mlangoni ameshika viatu vyangu, akiuliza kwa upole, "Mwanangu, leo zimebaki ngapi?"