Mpelelezi Hahitaji Babu Mganga

Jana nimetuma buku langu, yaani shilingi elfu, kwa admin wa kundi la simulizi ili nifunguliwe sehemu zilizobaki, na leo nina hasira. Hadithi ilikuwa tamu balaa. Mpelelezi wa Tanga, mtu mzima mwenye kitambi na pumu, anamfuatilia mwanamke anayesimamisha bodaboda usiku barabara ya Pangani. Mrembo wa kupindukia, gauni mpaka chini, na kila dereva aliyempakia anakutwa alfajiri juu ya mnazi, hajui kapandaje. Mpelelezi anaogopa, na anakwenda hivyo hivyo. Anawazungukia mafundi viatu kuuliza kama kuna mteja aliyeleta viatu vya ajabu, maana hata jini mwenye kwato lazima avae kitu. Nilicheka mpaka abiria wa pembeni kwenye daladala akachungulia simu yangu.

Ikaja sehemu ya kulipia. Mpelelezi anaota. Marehemu babu yake anamtokea, kumbe alikuwa mganga wa waganga, anamkabidhi pete, na kuanzia hapo jamaa anatoa moto mikononi. Pumu imepona. Mafundi viatu hawatajwi tena.

Jamani, kwa nini?

Mtu mwenye moto mikononi ana haja gani ya kuuliza maswali? Raha yote ya hadithi hizi ni kumkutanisha jini wa miaka elfu na mtumishi anayesubiri mshahara. Majeruhi ameng'atwa na kitu kisichojulikana, nesi hamgusi bila PF3, ile fomu ya polisi. Haya, eleza jeraha limetokana na nini. Meno. Meno ya nani? Gari halina mafuta, kwa hiyo jini anafuatwa kwa bajaji, na dereva akishajua wanakokwenda anapandisha nauli. Mjumbe anataka barua ya utambulisho. Ya mpelelezi, si ya jini. Jini, mjumbe anamfahamu, wamekaa mtaa mmoja miaka mingi. Ukimpa huyu mpelelezi pete ya babu umeua kila kitu hapo, umebakiza ngumi.

Wamarekani hili walishalijua. Mwaka 1972 televisheni ya ABC ilionyesha The Night Stalker, ambamo Carl Kolchak, ripota wa gazeti Las Vegas mwenye kofia ya majani, anamwinda mnyonya damu. Hana nguvu yoyote. Kinachomtesha kuliko hata mnyonya damu ni mhariri wake.

Na sisi tulitangulia. Bwana Msa, mpelelezi wa mtunzi Muhammed Said Abdulla, katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, ana kiko na akili, basi. Haya, najua, wapenda majini mtasema mle mnapunjwa: watu wanadhani ni kazi ya mzimu, kumbe mkono wa mtu. Nakubali, shingo upande. Lakini mpeni Bwana Msa jini wa kweli, bado angeanza kwa kuuliza nani alimwona mara ya mwisho.

Mali ghafi tunayo tele. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku vitandani, alivuma Pemba kisha Unguja, familia nzima zikalala nje zimezunguka moto. Na ilisemwa kwamba kila aliyemvamia alimwamuru akatangaze, la sivyo Popobawa angerudi. Mpelelezi gani hatamani kesi ya namna hiyo, mashahidi wanagombania foleni na mtuhumiwa mwenyewe ndiye anayewahimiza?

Lakini mwaka huo huo, mjini Zanzibar, kundi la watu lilimuua mtu mwenye matatizo ya akili wakidhani ndiye Popobawa. Na Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Hapa sicheki. Ndiyo maana hiyo ndoto ya babu imenichefua kuliko uvivu wa kawaida wa mtunzi: inamwambia msomaji kwamba ndoto ni ushahidi. Umeota, umemjua mbaya wako, nenda kammalize. Yule mnene mwenye pumu anayesumbua mafundi viatu ndiye mtu pekee katika hadithi nzima anayetaka kuwa na uhakika kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Kumfanya achekeshe si kudharau hofu za watu. Mimi mwenyewe naogopa, usinitume chooni cha nje saa nane usiku.

Wapo watakaoniambia majini hayataniwi. Bibi yangu, Pangani, njia yake ya kutoka pwani ilipita chini ya mbuyu wenye sifa mbaya, na giza likimkuta hapo alikuwa akiwapazia sauti waliomo: "Nipisheni huko, nina samaki wanaharibika!"