Sikumbatiza Mchungaji, Mchungaji Aliteleza

Tuwekane sawa kwanza. Sikumbatiza mchungaji. Mchungaji aliteleza. Najua video mmeshaiona, na najua rafiki yangu, ambaye kuanzia leo ni mtu ninayemfahamu tu kwa sura, ameisambaza na maneno haya: "Jamaa kaenda kubatizwa, kambatiza aliyemwalika." Nakiri kwamba ukiitazama kwa haraka inaonekana nimemshika mtumishi wa Mungu mkono, nikamlaza majini, kisha nikasimama wima kusubiri anayefuata. Lakini video haioneshi miguu, na yote yalitokea miguuni. Kwa hiyo leo, wadau, nawaeleza miguu.

Mnaonifuata tangu zamani mnanijua mimi ni mtu wa hoja. Nimebishana na Wakristo mpaka wakaanza kuniombea kwa jina. Nilipokuja kuamini, niliamini kwa masharti yangu: sala ya toba niliisali peke yangu, mlango nimefunga, sauti ya chini, tena kwa vipengele. Dhambi nilizipanga kwa makundi. Nikasema amina, nikajiona nimemaliza. Kumbe kuna maji, na maji yenyewe yako mbele za watu.

Nikamwendea mchungaji kumshawishi anibatize faragha, siku ya katikati ya wiki, bila kwaya. Silaha yangu ilikuwa Victorinus. Kwa wasiomjua: huyu alikuwa mwalimu wa ufasaha mjini Roma katika karne ya 4, mzaliwa wa Afrika, msomi hasa, hadi akasimamishiwa sanamu akiwa hai. Alisoma Maandiko kimyakimya, akamnong'oneza mzee Simplicianus kwamba ameshakuwa Mkristo. Simplicianus akamjibu hataamini mpaka amwone kanisani. Victorinus akamcheka: kwani kuta ndizo zinazomfanya mtu kuwa Mkristo?

Nikaishia hapo. Nikaegemea kiti, nikakunja nne.

Mchungaji akaniambia, "Malizia."

Sikudhani angekuwa ameisoma. Ikabidi nimalizie, kwa sauti iliyokuwa inapungua kila sentensi. Victorinus alikuwa anawaogopa rafiki zake wenye vyeo. Siku moja akamwambia Simplicianus ghafla, twende kanisani. Ulipofika wakati wa kuikiri imani, makasisi wakampa nafasi aikiri faragha, kama walivyowapa watu waliodhaniwa wataona haya. Akakataa. Akapanda mahali pa juu, mbele ya kusanyiko lote, na watu wakawa wanalitaja jina lake kwa furaha. Mtakatifu Agostino ameyaandika haya katika Maungamo, kitabu cha 8, na kusema kweli nilikuwa nimekunja kona ya ukurasa kabla tu ya sehemu hiyo.

Mama shemasi aliyekuwa anapanga viti pembeni akaongeza bila kunitazama, "Mficha uchi hazai, mwanangu." Mjadala ukafungwa.

Sasa mazoezi. Kila anayebatizwa pale hupitishwa kwenye mazoezi ya nchi kavu. Mimi sikwenda. Sababu niliyoitoa: najua kuogelea. Jamani, kama mnatoka na neno moja tu hapa leo, shikeni hili: hakuna mtu mgumu kubatiza kama anayejua kuogelea. Asiyejua huogopa, hujilegeza, hufanya anachoambiwa. Anayejua huingia majini na mpango wake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Maji yanatakiwa yafike kiunoni au juu yake kidogo. Yakiwa machache, mchungaji anabeba mzigo mpaka karibu na sakafu na mgongo wake unalia. Yakifika kifuani, miguu ya mbatizwa inaelea kabla ya kichwa kuzama. Mnasimama mbavu kwa mbavu, wewe umeelekea upande mmoja, yeye amekugeukia. Mkono wako mmoja unabana pua, wa pili unashika kifundo cha ule wa kwanza. Mchungaji anashika mikono yako yote miwili kwa mkono wake mmoja, na wa pili anauweka mgongoni, kati ya mabega. Anatamka, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, halafu wewe unakunja magoti.

Magoti, ndugu zangu. Ukiyakunja, kiwiliwili kinashuka karibu na uso wa maji, maji yanakubeba, na mchungaji mwembamba anaweza kumlaza mtu wa kilo 120 bila kutoa jasho. Usipoyakunja, kazi ya kukuinamisha kutoka juu yote ni yake. Na mwili ukiona unasukumwa kinyumenyume huku magoti yamekaza, unafanya jambo moja bila kukuuliza: unarudisha mguu nyuma kujizuia. Mchungaji keshaegemea kwa uzito wake wote, akitegemea unakwenda. Wewe huendi. Sakafu ya birika la ubatizo ni vigae, na vigae vina maji.

Halafu kanzu. Zilikuwepo zilizoshonewa vyuma vidogo kwenye pindo ili nguo isipande. Hizo niliona zinanifupisha. Nikachukua pana, ndefu, nyepesi, ya kinabii. (Ndani nilivaa nguo za rangi nzito, hapo walau nilisikiliza. Nguo nyeupe ikilowa haina siri.)

Basi. Nashuka ngazi. Kwaya iko tayari. Wao wamezoea kuanza kuimba mara wanaposikia maji yamepiga kishindo, kwa sababu kutoka walipokaa hawaoni ndani ya birika. Likumbukeni hilo. Kipaza sauti kinaning'inia juu, mbali na mikono, kwa kuwa aliye ndani ya maji hatakiwi kugusa kitu chenye umeme. Kinaning'inia mbali lakini kinasikia vizuri sana. Likumbukeni na hilo.

Mchungaji amevaa ile suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, kavu kabisa, mwenye amani. Ananiuliza kama namwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wangu. Nasema ndiyo. Ndiyo moja ingetosha. Mimi nikasema, "Ndiyo, baada ya kupima hoja za pande zote." Watu wakacheka. Nikafurahi wamecheka. Mnaona tatizo lilipoanzia?

Anatamka maneno. Nausikia mkono wake mgongoni ukibadilika kutoka kushika kwenda kusukuma. Na hapa, naapa, nilikuwa na nia ya kwenda. Kichwa kilikubali. Moyo ulikubali. Goti la kushoto likasema halijashirikishwa.

Mguu wa kulia ukarudi nyuma. Nikasimama imara. Mkono wa mchungaji ukapita mgongoni kwangu ukitafuta mtu wa kumsukuma, ukakosa. Nikaona uso wake ukinikaribia, kisha ukipita. Macho yetu yakakutana. Hayakuwa na hasira; yalikuwa na swali. Buti lake likatua juu ya dole gumba langu, na mimi, badala ya kulia, nikanyamaza, nikidhani huenda ni sehemu ya ibada. Msicheke, kuna mfalme aliyenitangulia. Masimulizi ya kale ya Ireland yanasema mmisionari Patrick alipokuwa anambatiza mfalme Aengus kule Cashel, ncha ya fimbo yake ilimchoma mfalme mguuni, na mfalme akavumilia kimya kwa kudhani ndivyo Wakristo wanavyofanya. Tofauti ni kwamba mfalme alibatizwa. Mimi nikamshika mchungaji mkono kumsaidia, na kwa kuwa mikono yetu ilikuwa tayari imefungamana, msaada wangu ukamgeuza chali.

Akaenda. Taratibu. Miwani ikabaki juu ya maji kidogo, kisha nayo ikamfuata.

Kishindo.

Kwaya ikaanza kuimba.

Mimi nimesimama katikati ya birika, nywele kavu, kanzu imejaa hewa na kunizunguka kiunoni, mkono wangu umeshika mkono unaotoka chini ya maji. Hiyo ndiyo picha. Hiyo ndiyo mnayotumiana. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi kwa dhati kabisa. Nadhani alichelewa kufika, akajua mimi ndiye mchungaji.

Akaibuka. Suruali ya mpira imejaa maji. Ukiwa ndani ya birika hayo maji hayakusumbui sana, taabu ni wakati wa kupanda ngazi, kwa hiyo akaamua kubaki na kumaliza kazi. Akafuta uso, akaniambia kwa upole, "Tuanze tena. Kunja magoti."

Hapo mtu mwenye busara angekunja magoti. Mimi nikanyoosha kidole. Nikasema, na kipaza sauti kikachukua kila herufi: "Mchungaji, kwa mujibu wa Didake, sura ya 7, inaruhusiwa pia kumwaga maji kichwani mara tatu."

Ni kweli, imo. Didake ni maandiko ya kanisa la mwanzo kabisa, na yanaelekeza hivi: batiza katika maji yanayotiririka, yakikosekana, maji mengine, yasipopatikana ya baridi, ya moto, na ukikosa yote hayo, mimina kichwani mara tatu. Ukikosa yote. Mama shemasi akainama ukingoni, akanitazama kuanzia kitovu kwenda chini.

"Mwanangu, hayo uliyosimama ndani yake ni nini?"

Kanisa zima. Hata waliokuwa wanajizuia kwa heshima ya mahali waliachia. Kwaya ikashindwa kuendelea, sauti ya kwanza ikavunjika kabisa.

Mara ya pili nilikunja magoti, lakini ule ujuzi wa kuogelea ukaingilia. Nilivuta pumzi mpaka mapafu yakajaa. Kosa. Mtu aliyejaza mapafu anaelea. Unatakiwa uvute kidogo tu, na kama hukubana pua utoe hewa polepole puani ili maji yasiingie. Jumlisha hewa iliyokuwa chini ya kanzu. Mchungaji akanisukuma, nikarudi. Akanisukuma, nikarudi. Miguu ikaja juu. Kipaji cha uso kikakataa kabisa kuzama. Mzee wa kanisa aliyekaa mstari wa mbele akatikisa kichwa: bado. Yako makanisa yanayozamisha mara tatu kwa makusudi, Waorthodoksi kwa mfano, mara moja kwa kila jina la Utatu. Sisi hatumo katika utaratibu huo. Kwangu ilikuwa ni kurudia mtihani.

Nikawaza Naamani. Jemadari mzima wa Shamu, amekuja na farasi na magari, akitegemea nabii atoke nje, amwitie Mungu wake, apunge mkono mahali penye ukoma. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alituma mjumbe aseme kaoge Yordani mara saba. Naamani akaondoka kwa hasira, akiisifia mito ya Dameski. Nilikuwa nikiisoma habari hii naona hasira yake haina maana. Pale majini nikamwelewa sana. Ukoma alikuwa tayari kuutoa. Kilichomshinda ni kuvua nguo za ujemadari mbele ya watumishi wake kwa jambo dogo namna ile. Na yeye mto haukuwa na kamera.

Mchungaji akasogea karibu na sikio langu, kipaza sauti kisisikie. Akasema neno moja: "Usinisaidie."

Sina la kujibu hadi leo. Maana ndicho nilichokuwa nafanya muda wote. Nilimsaidia kushuka, nikamsaidia kusoma, nikataka kumsaidia na Mungu kuniokoa, nikimwonesha sehemu ambazo tayari nilikuwa nimezishughulikia. Nikatoa pumzi. Akakandamiza kanzu hewa ikatoka, kwa mlio ambao sitaueleza hapa. Nikakunja magoti kama mtu anayekalia kiti asichokiona, uzito wote nikamwachia. Nikaenda chini. Kote. Mpaka kipaji. Kule chini hakuna hoja, kuna mlio wa maji masikioni tu na mkono wa mtu mgongoni.

Kwaya safari hii walisubiri kwanza mzee wa mstari wa mbele aitikie kwa kichwa, ndipo wakaanza.

Mengine kwa ufupi: ilibidi mashemasi wawili wamvute mchungaji kwenye ngazi, suruali ikamwagwa mara mbili, miwani ikapatikana kwenye tundu la kutolea maji, mimi nikakosa taulo kwa sababu nilikuwa nimesema silihitaji. Waliobatizwa baada yangu walikunja magoti kabla hata hawajaambiwa. Ushuhuda wangu ulioandikwa ulilowa, kurasa zote, haukusomwa. Jina langu la ubatizo nililichagua baada ya kutafakari sana. Watu wananiita Yohana Mbatizaji.

Kuhusu video: wanaouliza kama nitaomba iondolewe, nimechelewa. Mchungaji ameiomba aioneshe kwenye darasa la wanaojiandaa kubatizwa, kipengele cha mazoezi. Nikamwambia hakuna shida, ila niruhusiwe dakika chache za utangulizi kufafanua suala la miguu na muktadha wa Didake.

Amekataa.

Nimemuuliza kama naweza angalau kuandika maelezo mafupi ya chini ya video. Nasubiri jibu.