Kilo Tatu ni Kilo Tatu

Jamani, nina swali. Nani ana ngazi yangu? Maana naandika haya nikiwa nimesimama chini ya kamera yangu mwenyewe, inaning'inia katikati ya kamba, na nikiruka napungukiwa kiganja kimoja. Nimeruka mara kumi na moja. Jirani wa ghorofani amehesabu kwa sauti.

Najua mtaniambia ningenunua droni. Haya, changeni. Halafu droni inavuma kama nyuki waliochokozwa, na mimi nilitaka picha tulivu, kamera iteleze kati ya miti kama inaota. Wakubwa wanayo Skycam, ile inayoelea juu ya wachezaji uwanjani tangu mwaka 1984: kamba nne, kompyuta inazikaza na kuzilegeza zote kwa pamoja. Mimi nina kamba moja na mota moja ya kuitembeza kamera juu yake. Kompyuta ni mimi, tena sijalala.

Magurudumu nilichomoa kwenye skeitibodi ya mwanangu. Hilo tumeshalizungumza kifamilia, lisirudiwe. Kidhibiti mwendo cha kwanza kilikuwa cha ndege ya kuchezea, na ndege, kumbe, haina rivasi: kamera ikaenda, ikafika kwenye mti, ikaendelea kuusukuma mti. Nikapata cha gari la kuchezea, hicho kinarudi nyuma. Kamba ya nailoni nayo nililala imekaza, nikaamka imekuwa bembea. Nikahamia Dyneema, kamba ya nyuzi ngumu za plastiki, haina mchezo wa kuvutika. Betri mnajua wenyewe habari za kuchaji.

Basi leo asubuhi kila kitu kiko sawa. Mita thelathini, mti upande huu, nguzo ya uzio upande ule. Kamera, mota, betri na mazagazaga yake, jumla kilo tatu. Imekwenda, imerudi, karibu nilie. Ndipo akatokea mzee wa nyumba ya pili, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kamba yako imebonyea."

Nikamweleza kwa adabu kwamba lazima ibonyee, nimeiachia mita moja kwa makusudi.

"Makusudi ya nini? Kamba ni kunyooka."

Nikachukua kijiti, nikamchorea chini. Mzee, ikibonyea mita moja, kamba inavutwa kwa nguvu ya kama kilo ishirini na mbili. Ukiikaza ibonyee sentimita thelathini tu, inakuwa kilo sabini na tano. Ukitaka inyooke kabisa, hesabu inakataa, hakuna nguvu duniani itakayotosha.

Akautazama mchoro wangu. Akaufuta kwa kandambili, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Kamera ina uzito gani?"

"Kilo tatu."

"Kilo tatu ni kilo tatu. Mimi nimefunga kamba baba yako hajaoa."

Hapo ungefanya nini? Mtu ameshakutajia baba. Nikageuka kumtafuta shahidi wa kunisaidia, na nyuma yangu nikasikia kra, kra, kra. Ameukamata ule mkanda wa kukazia mizigo nilioufunga kwenye nguzo. "Mzee, basi." Kra. "Mzee, nguzo!" Akaidona kamba kwa kidole, ikalia ting, akatabasamu kama mpiga gitaa. "Hiyo sasa ndiyo kamba," akasema, na akaongeza kra moja ya kuagia.

Nguzo haikuvunjika. Ingevunjika ningepata la kusimulia. Ilifanya kitu cha unafiki: iliinama polepole kuelekea kwetu, udongo ukipasuka miguuni pake, na kamera ikashuka katikati ya kamba kama lifti. Sasa pande zote mbili ni mlima. Nikibonyeza rimoti, gurudumu la mota linazunguka palepale, linapiga mluzi, na kamera inatingishika kama inayonikatalia jambo.

Mzee akakaa kimya kidogo.

"Sasa imebonyea zaidi," akasema, na akaenda zake kuangalia kuku wake.

Kinachoniuma si nguzo. Kamera inatuma picha kwenye simu yangu, na nimefungua nione kama lenzi imepona. Lenzi iko salama, picha imetulia, safi, haitikisiki hata chembe, mwezi mzima nautafuta utulivu huo. Na katikati ya picha kuna mtu anarukaruka, utosini ana duara tupu linalong'aa, kubwa kuliko kifuniko cha lenzi. Nikasogea kushoto, na yeye kushoto.

Nimemwita mke wangu. Amekuja na ufagio, akidhani nataka kuipapasa kamera ishuke. Nimemwonyesha simu, nikamuuliza hili duara lina muda gani.

Anasema alidhani najua.