Kitanzi Kisibebeshwe Kazi ya Hifadhidata

Kila anayejifunza kutengeneza tovuti kwa lugha ya PHP hufika siku moja mahali pale pale: ukurasa wake umekwisha kuunganishwa na hifadhidata, swali lake la kwanza la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, limejibiwa, na sasa ana majibu ambayo hawezi kuyaona mpaka ayapitie mstari mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo anapofundishwa kitanzi, au lupu kama tunavyosema tukiwa kazini, yaani amri zinazorudiwa kwa kila mstari, na furaha ya kuona majina yakishuka kwenye kivinjari huwa kubwa kiasi kwamba ni wachache wanaorudi kujiuliza ni nini hasa kinachotendeka ndani ya yale mabano. Nimeandika vitanzi hivyo kwa miaka mingi, vimenilisha na vimeniaibisha, na maoni yangu, ambayo najua baadhi ya wenzangu hawayakubali, ni kwamba kitanzi cha kupitia matokeo ya hifadhidata kinatakiwa kiwe maskini. Kipokee mstari, kiuchape, kiendelee na unaofuata. Kuchuja, kupanga, kujumlisha na kuuliza maswali mengine ni kazi zinazotakiwa ziwe zimemalizika kabla mstari wa kwanza haujachukuliwa.

Nianze na aibu yenyewe. Niliitengenezea shule moja ya sekondari mfumo mdogo wa kufuatilia ada. Ukurasa wake ulionyesha, kwa kila mkondo, majina ya wanafunzi kwa mpangilio wa alfabeti, kiasi alicholipa kila mmoja na kiasi anachodaiwa, na chini kabisa jumla ya deni la mkondo mzima. Mfumo ulitumika muhula mzima bila mtu kulalamika. Kisha mhasibu wa shule, mama mtu mzima aliyezoea daftari muda mrefu kabla ya kuzoea kompyuta, akanipigia simu. Nilipokwisha kumwamkia na yeye kuniuliza habari za nyumbani, akasema, "Mwanangu, kikokotoo changu na hiyo kompyuta yako havielewani. Nikiwajumlisha hawa watoto mmoja mmoja, napata pungufu ya jumla uliyoiweka hapo chini." Nikamjibu kwa ile jeuri iliyovikwa heshima tuliyo nayo watu wa kompyuta, "Mama, hebu jaribu kujumlisha tena." Alikuwa amekwisha kujumlisha mara tatu.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye mistari michache ifuatayo:

$mstari = $matokeo->fetch_assoc();
if ($mstari) {
    while ($mstari = $matokeo->fetch_assoc()) {
        echo $mstari['jina'];
    }
} else {
    echo 'Hakuna mwanafunzi';
}

Nilitaka kujua kwanza kama yapo majibu yoyote, ndiyo maana nikachukua mstari mmoja kabla ya kitanzi ili niuchungulie. Lakini fetch_assoc haichungulii. Inachukua mstari na kusogeza mbele kielekezi, ile alama ya mstari unaofuata kusomwa, na kitanzi kilipoanza kilichukua mstari wa pili, kikauweka kwenye kigeu kile kile, yaani $mstari, na wa kwanza ukapotea bila kosa lolote kutangazwa. Shule ilikuwa na mikondo minane, kwa hiyo watoto wanane walikuwa hawaonekani, na kwa sababu orodha ilipangwa kwa alfabeti, waliopotea wote walikuwa akina Abdallah, Abeid na Agnes. Jumla iliyokuwa chini ya ukurasa haikupitia kitanzi changu. Niliiomba moja kwa moja kwa hifadhidata kwa SUM, amri ya SQL ya kujumlisha, na ndiyo iliyokuwa sahihi. Dawa yake ni kuuliza idadi kwa num_rows, ambayo haigusi kielekezi, na dakika mbili zilitosha kurekebisha. Kumpigia mama yule simu na kumwambia kwamba kikokotoo chake hakikuwa na tatizo kulinichukua muda mrefu zaidi.

Waliopita kwenye ASP ya zamani, teknolojia ya Microsoft ya kutengeneza tovuti, wanalo kosa ndugu la hilo: kule ilikuwa ni wajibu wa mwandishi kusogeza kielekezi kwa mkono wake kwa MoveNext, na aliyesahau alipata ukurasa unaozunguka bila mwisho kwenye mstari ule ule wa kwanza. Heri hilo, maana linaonekana mara moja. Kosa la PHP linakaa kimya kama panya mwenye shibe.

Hata hivyo, mtoto anayepotea kwenye orodha ni kosa la uzembe, na uzembe unatibika. Tatizo linalonifanya niandike ni lile la kimawazo, yaani kukitumia kitanzi kama mahali pa kufikiria. Mfumo wa majedwali tunaoutumia ulitokana na mawazo ya Edgar Codd wa IBM, aliyeyachapisha mwaka 1970, na kiini chake ni kwamba data hushughulikiwa kama seti: unaeleza ni kundi gani la mistari unalotaka, na mashine ndiyo inayotafuta njia ya kulipata. SQL ilizaliwa katika kampuni hiyo hiyo miaka michache baadaye kutokana na mawazo hayo. Sisi tuliojifunza PHP kabla ya kujifunza SQL tuna desturi ya kinyume. Tunamwendea mwanafunzi mmoja, tunauliza habari zake, tunamwendea wa pili. Matokeo yake ni ukurasa kama ule wangu wa kwanza, ambao ndani ya kitanzi cha wanafunzi ulikuwa na swali jingine la SQL la kutafuta malipo ya kila mmoja.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Mikondo minane yenye wanafunzi 40 kila mmoja ni wanafunzi 320, na ukurasa wa shule nzima ukafanya swali moja la kupata majina na maswali 320 ya kupata malipo, jumla 321, kila unapofunguliwa. Kwenye kompyuta yangu, hifadhidata ikiwa ndani ya mashine hiyo hiyo, sikuona chochote. Mfumo ulipohamishiwa kwenye huduma ambayo hifadhidata inakaa kwenye seva yake ya pembeni, kila swali likalazimika kusafiri kwenda na kurudi, na kama safari moja inachukua milisekunde sita tu, ukurasa unapoteza karibu sekunde mbili barabarani kabla ya kazi yoyote ya maana kuhesabiwa. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani alete chumvi, akirudi umtume sukari, akirudi umtume kiberiti, kisha umlaumu kwamba ana miguu mizito.

Swali moja lilitosha kuondoa safari zote hizo:

SELECT w.jina, w.ada, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS amelipa
FROM wanafunzi w
LEFT JOIN malipo m ON m.mwanafunzi_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina, w.ada
ORDER BY w.jina

Kila neno hapo lina sababu, na moja nataka niliangalie kwa karibu kwa kuwa ndilo linalowafanya wengi waliojaribu njia hii warudi kwenye kitanzi wakiwa wamekata tamaa. JOIN ndiyo inayounganisha majedwali mawili. Ukiiandika bila LEFT, hifadhidata itakuletea wale tu ambao wamelipa angalau mara moja kwenye jedwali la malipo. Mwanafunzi ambaye hajalipa hata shilingi hana mstari wa kuunganishwa nao, kwa hiyo anaondoka kwenye orodha, na unabaki na ripoti ya wadaiwa isiyokuwa na wadaiwa sugu kuliko wote. LEFT inawabakiza wanafunzi wote, na yule asiye na malipo anapewa NULL, yaani pasipo thamani, ambayo COALESCE inaigeuza kuwa sifuri ili hesabu ya deni isiharibike. ORDER BY nayo si pambo: bila hiyo hifadhidata haikuahidi mpangilio wowote, hata kama kwa miezi sita imekuwa ikikuletea majina yakiwa yamenyooka.

Wapo wanaonijibu kwamba mashine za siku hizi zina nguvu, na sina la kuwaambia isipokuwa kwamba nguvu ya mashine haifupishi waya. Jibu lenye uzito ni la wanaosema kwamba swali la SQL lenye majedwali matano ni gumu kusoma kuliko kitanzi, na hapo wana haki. Tena ukiunganisha kwa pamoja majedwali mawili ambayo kila moja lina mistari mingi kwa mwanafunzi mmoja, mathalani malipo na adhabu, mistari huzidishana na jumla zako huwa uongo mtupu. Mimi mwenyewe nikifika huko huwa naacha kulazimisha swali moja. Nauliza mara mbili: wanafunzi wote kwanza, kisha malipo yote ya wanafunzi hao kwa WHERE ... IN, inayopokea orodha ya namba zao, halafu nayapanga malipo kwenye safu (array) ya PHP kwa namba ya mwanafunzi, na ndipo nachapa. Maswali mawili, yawe ni ya watoto 320 au 3,000. Ndivyo inavyofanya Eloquent, sehemu ya hifadhidata ya Laravel, kiunzi cha kutengenezea tovuti za PHP, ukiiomba mapema kwa amri ya with, na ndiyo maana wasiwasi wangu kwa vijana wanaoanzia Laravel ni mkubwa zaidi kuliko kwa sisi wazee wa mysqli, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata ya MySQL: kwao $mwanafunzi->malipo inaonekana kama kusoma sifa ya kawaida ya kitu, hakuna SELECT inayoonekana popote, ilhali kila mzunguko unapiga hodi kwenye hifadhidata. Walioitengeneza Laravel waliliona hilo, wakaongeza katika toleo la 8 njia ya kuifanya programu igome kabisa kuchota huko kwa kuchelewa (lazy loading) kunapotokea. Naiwasha kwenye kila mradi mpya, siku ya kwanza.

Kuna sababu nyingine, ndogo ila ya hapa kwetu. Maswali yanayoandikwa ndani ya vitanzi huandikwa kwa haraka, na yanayoandikwa kwa haraka hubandikwa vigeu moja kwa moja ndani ya nukuu. Nimewahi kurithi msimbo uliokuwa ukitafuta malipo kwa jina la mtu badala ya namba yake, na ukurasa ulikuwa ukivunjika kila ulipofika kwa mtu anayeitwa Ng'ang'a au Ng'wandu, kwa sababu ile alama ya ritifaa ilifunga nukuu ya SQL katikati ya jina. Aliyeuandika alikuwa amelitatua kwa kuondoa ritifaa kwenye majina ya watu. Hatari iliyojificha hapo, ya mtu mwenye nia mbaya kuingiza amri zake kupitia mlango huo huo, wala hakuiona. Maswali yaliyoandaliwa kwa alama ya kuuliza, ambapo thamani hutumwa kando na swali lenyewe, yapo kwenye mysqli, na kwenye PDO, njia nyingine ya PHP ya kuongea na hifadhidata, iliyokuja pamoja na PHP 5.1 mwaka 2005, hakuna udhuru. Kazi pekee ninayoiruhusu ndani ya kitanzi zaidi ya kuchapa ni htmlspecialchars, inayozuia alama zilizo kwenye jina zisisomwe kama HTML, kwa kuwa hiyo inahusu namna jina linavyotoka kwenda kwenye ukurasa.

Kuhusu kumbukumbu, ushauri unaorudiwa mara nyingi ni kwamba kuchukua mstari mmoja mmoja kwa while kunaokoa kumbukumbu kuliko kuyachukua matokeo yote kwa mkupuo. Ni kweli nusu. Kwa kawaida PHP huyapokea matokeo yote ya MySQL na kuyahifadhi upande wake kabla hujachukua mstari wa kwanza, kwa hiyo akiba unayoipata ni ndogo kuliko unavyodhani. Kwa wanafunzi 320 hilo halina maana yoyote, na sioni sababu ya kubishana. Kwa faili la kusafirisha mistari laki kadhaa, huku kikomo cha kawaida cha kumbukumbu ya PHP kikiwa MB 128, unalazimika kuizima akiba hiyo ili mistari ije kadiri inavyosomwa, na ukishafanya hivyo muunganisho huo hauwezi kupokea swali jingine mpaka uimalize mistari yote. Aliyezoea kuuliza maswali ndani ya kitanzi hukutana hapo na kosa la "Commands out of sync", na hulihangaikia usiku kucha.

Mafunzo ya zamani yanayotumia mysql_fetch_array bado yanazagaa mtandaoni, ingawa jamii hiyo nzima ya amri iliondolewa PHP 7 ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2015, na mengi yake yana swali ndani ya kitanzi. Nadhani ndiko tulikojifunzia sote.

Ukurasa wa ada wa ile shule sasa una kitanzi cha mistari mitatu. Mama mhasibu bado anajumlisha kwa kikokotoo kila mwisho wa mwezi, na siku moja aliponiuliza kama kuna haja ya kuendelea, nilimwambia aendelee.