Mshipa au mfupa moyo unaposimama

Moyo unaposimama ghafla, adrenalini, dawa ya kuusaidia moyo uanze kupiga tena, huingizwa kwa mshipa wa damu au kwa sindano inayotoboa mfupa hadi kwenye uboho, aghalabu muundi, chini kidogo ya goti, au mfupa wa mkono karibu na bega. Kuimwaga kwenye mpira wa kupumulia kumeachwa kwa sehemu kubwa: haikujulikana kiasi gani kingefika kwenye damu.

Sindano ya mfupa imepata mashabiki wengi, na sifa zake si za uongo. Mshipa hunywea mzunguko wa damu unapokatika, mfupa haunywei. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa 2024, wahudumu walifanikiwa ndani ya majaribio mawili kwa asilimia 92 ya waliopangiwa mfupa, dhidi ya asilimia 80 ya waliopangiwa mshipa. Kwa mtoto mdogo, au mtu aliyeungua mikono yote, ningechukua sindano ya mfupa bila kusita.

Ila mfupa umenadiwa kwa kasi yake, na hapo ndipo hoja inapoyumba. Mwaka huohuo Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti uliolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 6,082. Tangu simu ya dharura ipigwe hadi dawa ya kwanza iingie, muda wa kati ulikuwa dakika 24 kwa mfupa, na dakika 24 kwa mshipa. Sindano inayosemekana kuwa ya haraka haikuleta dawa mapema hata kwa dakika moja! Muda mwingi huishia kwingine: gari kufika, mgonjwa kufikiwa, kifua kukandamizwa, umeme kupigwa. Nafuu ya sekunde chache kwenye sindano humezwa humo.

Baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 4.5 wa kundi la mfupa na 5.1 wa mshipa, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati. Lakini mapigo yalirejea kwa asilimia 36.0 dhidi ya 39.1, na hiyo si rahisi kuipuuza. Wanaouona mshipa kuwa mazoea ya kizamani wana kazi ya kuieleza.

Kwa mtu mzima, basi, mshipa utangulie. Ukishindikana mara mbili, mfupa ufuate papo hapo. Dawa ya mshipani isukumwe kwa angalau mililita 20 za maji ya dripu, mkono uinuliwe, na anayekandamiza kifua asisimamishwe kumpisha anayetafuta mshipa.