Wakiingia na majeshi yao, hawajaingia serikalini

Kila mazungumzo ya amani ya Kongo yanapokaribia mwisho, nasikia swali lile lile: waasi watapewa viti vingapi? Viti havininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni wapiganaji wao watalala kambi gani, na asubuhi watapokea amri ya nani.

Sisi wa Kivu, mashariki ya Kongo, tulishaonja. Mkataba uliotiwa saini Pretoria Desemba 2002 ulituletea serikali ya "1+4": rais mmoja na makamu wanne, na wawili kati yao, Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa, walitoka kwenye makundi ya waasi. Kinshasa wakagawana wizara. Huku kwetu Bukavu, Juni 2004, mji ukatekwa na jenerali muasi Laurent Nkunda pamoja na Kanali Jules Mutebutsi. Mutebutsi huyo hakuwa ametoka msituni. Alikuwa ameshapewa unaibu kamanda wa mkoa wa kijeshi wa jeshi la taifa, hapo hapo Bukavu.

Tukarudia. Machi 23, 2009 serikali ikasaini mkataba na CNDP, kundi la waasi lililoanzishwa na Nkunda, wapiganaji wakavaa sare ya taifa. Kiongozi wao Bosco Ntaganda, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa ikimtafuta, akawa jenerali na kuishi Goma bila kujificha. Watu wake walikataa kuhamishwa nje ya Kivu. Wakabaki na makamanda wao na, jambo linalosahaulika upesi, na pesa zao za vizuizi na migodi. Mwaka 2012 serikali ilipotaka kuwatawanya, wakaasi. Wakajiita M23, kwa tarehe ya mkataba ule ule, na Novemba 20 wakaingia Goma. Januari 2025 wakaingia tena.

Mama yangu mdogo anauza maharage. Mwaka 2010, kwenye kizuizi cha barabarani, alimtambua kijana aliyebeba magodoro ya nyumba yake siku vita vilipopita kijijini. Sasa kijana ana bereti ya jeshi la taifa, anamwita "mama", anamdai pesa ya kupita. Alilipa, akajitwisha mzigo wake. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama huyo kama ameafiki kijana asamehewe.

Wapo wanaosema tusipowaingiza, vita havitaisha. Nawaelewa; mwenye bunduki lazima apate pa kwenda, na mimi nataka mazungumzo kuliko mtu yeyote. Lakini kijana wa kijijini anaona. Aliyelima miaka kumi hajapewa hata jembe, aliyeingia porini karudi kanali. Hapo unamshawishi vipi abaki shambani?

Huko Doha, Qatar, serikali na M23 walitia saini tamko la kanuni Julai 2025. Karatasi ya mwisho ikitoka, sitaanza na orodha ya mawaziri. Nitatafuta ukurasa unaosema vikosi vitavunjwa vipi, askari gani atapelekwa mkoa gani, mshahara wake utapitia mkono wa nani, na waliobaka na kuua watasimama mbele ya hakimu gani.