Boksi la rimu na shazia: vitabu vyetu vifike vizima

Vitabu vingi vinavyofika vimeharibika huku kwetu kanda ya kati tunaisingizia barabara, au vijana wa kupakia mizigo stendi. Mimi nasema vimeharibikia mezani kwa mtumaji. Vimetumbukizwa kwenye boksi kubwa lililokuwa karibu, likapigwa selotepu mstari mmoja juu, basi. Mwalimu wa Kondoa au mwanafunzi wa Manyoni aliyejinyima kununua kitabu kipya anakipokea kona zimepondeka na mgongo umeachia gundi, kisha anaambiwa avumilie kwa sababu kimetoka mbali. Hilo linaniuma, kwa sababu kumfungia vizuri kungegharimu pesa kidogo sana kuliko nauli yenyewe.

Adui mkubwa wa kitabu njiani ni nafasi tupu ndani ya boksi. Karatasi ni nzito kuliko tunavyodhani. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80, hii ya kawaida ya kuchapia, ina uzito wa gramu 5 hivi. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo ni kilo 2 na nusu, na boksi la rimu tano linafika kilo 12 na nusu. Riwaya ya kurasa 200 yenye ukubwa wa A5 inakula karatasi 50 za A4: robo kilo nzima kabla hujahesabu jalada. Weka riwaya 20 za namna hiyo kwenye boksi lenye nafasi, umeweka zaidi ya kilo 5 zinazocheza. Basi likiruka tuta, uzito wote huo unagonga ukuta wa boksi, na kinachotangulia kugonga ni kona ya kitabu.

Sasa hapa Dodoma tuna neema ambayo wengi hawaitumii. Mji umejaa wizara, vyuo na taasisi, na kila mtaa una steshenari inayomaliza rimu kila wiki. Yale maboksi matupu ya rimu ndiyo boksi bora la vitabu unaloweza kulipata mjini. Limetengenezwa kubeba karatasi, na vitabu ni karatasi. Kitabu cha A4 kinaingia kama kimepimiwa humo, na vya A5 vinalala viwili viwili ubavu kwa ubavu. Likijaa, mtu mmoja analinyanyua bila kuugua mgongo, na mzigo ambao mtu mmoja anaumudu hautupwi. Boksi la jokofu dogo ukilijaza vitabu, hata kijana mwenye nguvu ataliangusha tu, na wala si kosa lake.

Kupanga kuna ufundi wake. Vilaze vitabu, na ukivipandanisha geuza migongo, kimoja kushoto kinachofuata kulia, kwa kuwa upande wa mgongo ni mnene na ukiuelekeza kote upande mmoja mrundo unainama. Usikisimamishe kitabu upande wa kufungulia ukiangalia chini. Kurasa zote zinaning'inia kwenye gundi ya mgongo, na safari ya Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita 450 hivi za kuivuta gundi hiyo. Gazeti ni zuri kwa kujazia mianya, ila lisigusane na jalada, hasa jalada jeupe, kwa sababu wino wake unahama. Kwanza kifunge kitabu kwa karatasi safi au ile nailoni ya kujaladia madaftari, ndipo ukandamize gazeti pembeni. Ukimaliza, funga boksi kwa mkono na ulitikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinatembea, fungua ujaze tena.

Kitabu kimoja hakihitaji boksi. Kata vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja kikizidi kitabu kwa sentimita 2 kila upande, kiweke katikati, zungushia selotepu kwenye kadibodi tu, kisha kitie kwenye bahasha ya kaki. Zile sentimita 2 ndizo zitakazopondeka, kona za kitabu zibaki salama. Nimeona bahasha imekunjamana kabisa na kitabu ndani hakina hata alama.

Halafu kuna buti la basi. Ukitaka kujua kwa nini nimetaja nailoni, simama pale stendi ya Nanenane wakati basi linapakiwa na uangalie kitabu chako kitasafiri na nani. Kuna viroba vya mahindi, kuku kwenye tenga, baiskeli ya mtoto, na madumu ya mafuta ya alizeti yaliyofungwa kwa kizibo na kipande cha nailoni. Maji yakiingia kitabuni unaweza kukianika. Mafuta yakiingia ndiyo basi tena. Yanatambaa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na karatasi inabaki inaangaza kama sambusa imekalia hapo. Ongeza vumbi letu, lile laini jekundu linalopenya hata kwenye dirisha lililofungwa. Kwa hiyo boksi likienda kwa basi, mimi nalivalisha kiroba safi cha unga na kushona mdomo kwa shazia na uzi wa katani. Kiroba kinazuia vumbi, kinampa mpakiaji mahali pa kushika, na mshono ukikatwa njiani mpokeaji anauona kabla hajasaini. Kamba tupu juu ya boksi siipendi, kwani inakata kingo na kuchimba kitabu cha juu.

Jina na simu ya mpokeaji viandikwe pande zaidi ya moja, vikafunikwe kwa selotepu angavu, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iwekwe ndani. Risiti ya basi ipigwe picha na kutumwa papo hapo.

Kuhusu gharama, kanuni ninayoifuata ni rahisi: katoni liende kwa basi, kitabu kimoja kiende Posta. Karani wa mizigo kwenye ofisi ya basi anatazama ukubwa, ananyanyua kidogo, anataja bei. Boksi dogo lililoshiba linapata bei nzuri kuliko kubwa lenye hewa. Kampuni za vifurushi vya haraka nazo hupima vyote viwili, uzito halisi na nafasi, na mara nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha hugawanya kwa 5,000, wakachukua namba iliyo kubwa. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 litalipiwa karibu kilo 5 hata ukiweka vitabu vitatu tu. Hapo ulichosafirisha ni hewa.

Posta tumeitelekeza mapema mno. Basi linaishia barabara kubwa, na mtu wa ndani ya wilaya anaongeza nauli ya bodaboda kufuata mzigo. Lakini shule, zahanati na kanisa vina S.L.P., na mwalimu mkuu anapotuma mtu mjini kufuata barua, kitabu kinarudi naye. Ukitaka usalama, kipeleke kwa rejista. Ukiwa unatuma nje ya nchi, uliza dirishani kama mzigo wako unaweza kupita kama machapisho kabla hujakubali uandikwe kifurushi, maana daraja ndilo linaloamua bei. Kwenye utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, vitabu vinaweza kupokewa katika daraja hilo la machapisho hadi kilo 5, na kuna mfuko maalumu wa machapisho kwa anwani moja unaofika kilo 30. Ndugu zetu walio ughaibuni wanaotaka kuzijazia shule za nyumbani maktaba waulizie mfuko huo. Sharti ni kutochanganya barua za binafsi humo. Maneno ya kutunuku kitabu kwenye ukurasa wa kwanza hayana shida.

Maandishi ya nukta nundu nayo yanastahili kutajwa, kwani mkoani kwetu tuna shule ya wasioona pale Buigiri, Chamwino. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unavisamehe vitabu vya wasioona vinavyotoka nchi moja kwenda nyingine ada ya posta, hadi kilo 7, isipokuwa nyongeza ya kupelekwa kwa ndege. Lakini ufungaji wake ni kinyume cha nilichosema juu. Hivi visimamishwe wima, vibanane kiasi cha kutoanguka tu, na kisiwekwe kitu chochote juu yake. Nukta zikilazwa chini ya mzigo zinabonyea, na zikibonyea kidole hakisomi tena. Mtumaji aandike wazi juu ya boksi kwamba halilaliwi na mzigo, na amwambie mpakiaji kwa mdomo pia.

Ninalowaomba wachapishaji na wauzaji ni moja: andikeni uzito wa kitabu kando ya bei. Gramu 270, gramu 540, inatosha. Mteja wa Mpwapwa akiiona namba hiyo anaweza kupiga hesabu mwenyewe, akatafuta wenzake wawili watatu pale shuleni, wakaagiza pamoja boksi moja la rimu na kugawana nauli. Leo anaulizia bei ya kitabu, anajibiwa, anakubali, halafu ya usafiri inamjia siku ya mwisho na ni kubwa kuliko alivyojiandaa, anaghairi. Mizani ya jikoni inatosha kwa kazi hiyo, na kila duka la vitabu linaweza kuanza na vile vilivyopo rafuni wiki hii.